GESI YA ZIWA KIVU NA JOTO LA DUNIA



Katika mkutano wa Dubai wa mwaka 2023 mataifa yalikubaliana kuanza kuachana na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Lakini katika azimio hilohilo yalitamka kwamba ziko nishati za mpito zinazoweza kusaidia katika safari hiyo. Wengi wetu tulielewa kwamba gesi imeachiwa mlango wazi.

Sababu inayotolewa ni kwamba gesi ikichomwa kuzalisha umeme hutoa karibu nusu tu ya hewa ya ukaa inayotolewa na makaa ya mawe. Hilo ni kweli, ila sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani, na methani inayovuja kabla ya kuchomwa huzuia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa, ukihesabu kwa miaka 20. Bomba bovu laweza kuila faida yote. Ndiyo maana huko Glasgow mwaka 2021 nchi zaidi ya 100 ziliahidi kwamba, kwa jumla, methani ya dunia itapungua kwa asilimia 30 ifikapo 2030.

Sasa tutazame Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo. Chini kabisa, penye kina kinachofikia mita 485, maji yamebeba methani ipatayo kilomita 60 za ujazo, na hewa ya ukaa mara tano ya hiyo. Uzito wa maji ya juu ndio unaoizuia. Huko Kameruni, mwaka 1986, Ziwa Nyos liliitapika hewa ya namna hiyo usiku na watu wapatao 1,700 wakafa. Kivu ni kubwa mara nyingi kuliko Nyos, na kando yake iko Nyiragongo, ambayo mwaka 2002 lava yake ilipita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani.

Kiwanda cha bia cha Gisenyi kilianza kutumia gesi ya ziwa miaka ya 1960. Mtambo mkubwa wa kwanza, wa megawati 26, ulianza kuuza umeme mwishoni mwa 2015 huko Karongi. Jukwaa huelea ziwani na bomba lake hushuka mita 350 hivi. Maji yakipanda hupungukiwa na mgandamizo, gesi ikatoka kama kwenye chupa ya soda iliyofunguliwa. Husafishwa, hupelekwa nchi kavu, na maji hurudishwa chini.

Je, dunia inapata nafuu? Gesi iliyotulia chini ya ziwa haichemshi dunia. Ikichomwa inakuwa hewa ya ukaa. Nafuu ipo pale tu umeme huo unapozima jenereta za dizeli. Ukiongezwa juu yake, tumepata taa na hatari ya ziwa imepungua, jambo ambalo si dogo, lakini isiitwe dawa ya hali ya hewa.

Na anayejua kama gesi inavuja ni fundi wa zamu. Kongo nayo ilitangaza zabuni za vitalu vitatu vya gesi ya Kivu mwaka 2022. Kabla mitambo mingine haijajengwa, vyama vya pande zote mbili vidai yaandikwe katika mapatano na waajiri: vipimo vya uvujaji visomwe mbele ya wafanyakazi, na fundi anayesimamisha mtambo kwa sababu ya uvujaji asifukuzwe kazi.