Nani Hushika Bureti?

Usawa katika darasa la sayansi la chuo kikuu huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla mwanafunzi hajafika chuoni. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, biolojia, kemia na fizikia zina karatasi tatu kila moja. Ya tatu ni ya vitendo, nayo hubeba alama 40 kati ya 200. Katika wadi ya Sarang'ombe, Kibera, jijini Nairobi, vijana wengi husoma shule za jamii zinazoendeshwa kwa karo ndogo na misaada, ambako maabara kamili ni nadra. Mtahiniwa asiyewahi kushika bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia kemikali, hupoteza alama zinazoamua kozi atakayopangiwa na KUCCPS, taasisi inayogawa nafasi za vyuo.

Umbali si kisingizio cha vyuo vikuu kutozisaidia shule hizo. Kampasi ya Kenya Science ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoanza miaka ya 1960 kama chuo cha walimu wa sayansi kwa msaada wa Sweden, iko Barabara ya Ngong, jirani na Kibera.

Kuingia chuoni nako hakumalizi kazi. Bodi ya Pamoja ya Udahili, iliyotangulia KUCCPS, iliwapunguzia wasichana alama za kuingilia ili idadi yao iongezeke. Lakini idadi ni jambo moja, nafasi ni jingine. Mwanasayansi Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu mwaka 1971, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na Kati. Hata hivyo, akiwa mhadhiri wa anatomia ya mifugo Nairobi, ilimbidi apiganie marupurupu sawa na ya wanaume.

Ndani ya maabara, pengo hujificha kwenye kikundi. Vifaa vikiwa haba, aliyevizoea huvishika na mgeni wa vifaa huandika matokeo. Utafiti uliofanywa katika maabara za fizikia za Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, uliona wanaume wakishika vifaa zaidi na wanawake wakibaki na kompyuta, ingawa hakuna aliyewagawia kazi hizo. Ripoti huwa moja, ujuzi mbalimbali.

Dawa yake si ghali: zamu za lazima katika kila jaribio, mtihani wa vitendo wa mtu mmoja mmoja, na wiki za kwanza za muhula kutengewa mazoezi ya vifaa. Vyuo vinaweza pia kuzifungulia shule jirani maabara zao wakati wa likizo.

Januari 2026 ndipo wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipopangiwa kuingia Gredi ya 10, ambako sayansi na teknolojia ni mojawapo ya njia tatu. Kwa mtoto wa Sarang'ombe, njia hiyo itakuwa wazi pale tu shule yake itakapokuwa na maabara.