Kidonda cha Mdomoni: Dawa ya Kunata na Namna ya Kuipaka



Kuna ugonjwa mdogo ambao haumlazi mtu kitandani, lakini unamnyima chakula, usingizi na hata maneno. Ni kidonda cha mdomoni. Wengi hawaji dispensari kwa sababu yake. Wanaona haya, wanajitibu wenyewe, na hapo ndipo matata yanapoanza.

Siku moja alikuja mfanyakazi wa zamu ya usiku, mkono umeshika shavu. Alikuwa na kidonda kidogo ndani ya mdomo wa chini, na rafiki yake alikuwa amemshauri aponde kidonge cha aspirini na kukiweka juu yake. Alifanya hivyo siku tatu. Kidonda kilichokuwa kama punje ya mchele kikawa na ukubwa wa ukucha, nyama nyeupe, imeungua. Aspirini ni asidi. Humezwa kwa maji mengi. Ikikaa juu ya nyama laini ya mdomo inaichoma. Mafuta ya taa na tumbaku navyo usivitie kwenye kidonda.

KIDONDA HIKI NI KIPI?

Kidonda cha kawaida ni cha mviringo, katikati cheupe au cha manjano, ukingo mwekundu. Hutokea penye ngozi laini: ndani ya midomo na mashavu, pembeni mwa ulimi au chini yake. Hakiambukizi, mke na watoto hawawezi kukipata kwako. Huamshwa na mambo mengi: kujiuma, mswaki mgumu, uchovu, wasiwasi, au damu iliyopungukiwa na chuma na vitamini. Kwa kawaida hupona chenyewe kati ya siku 7 na 14.

Utauliza: kama kitapona chenyewe, dawa ya nini? Ni kwa ajili ya siku hizo za maumivu, ili mtu aweze kula bugali yake, alale, na aende kazini akiwa na nguvu.

KWA NINI DAWA HII INANATA?

Mtu mzima hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kila siku. Ukipaka pomadi ya ngozi ndani ya mdomo, mate yanaiosha kabla haijafanya kazi. Kwa hiyo watengenezaji walichanganya dawa na unga unaopenda maji, kama jelatini na pektini, ambayo hutoka katika matunda.

Mama anayesonga bugali ya muhogo analijua jambo hili. Unga mkavu haushiki kidole. Ukikutana na maji ya moto unavuta na kunata. Jeli ya mdomoni nayo hunywa unyevu wa kidonda, huvimba kidogo, kisha hushika na kukifunika kama bandeji. Meno na chakula havigusi tena nyama iliyo wazi.

Jeli hizi si za aina moja. Nyingine hufunika tu. Nyingine zina dawa ya ganzi, kama lidokaini, ya kutuliza maumivu. Nyingine zina dawa ya kupunguza uvimbe, kama triamsinoloni ya 0.1 kwa mia. Soma jina kwenye tyubu kabla ya kulipa, na tazama tarehe ya mwisho. Usinunue tyubu iliyokwisha kufunguliwa.

NAMNA YA KUPAKA

1. Paka baada ya kula na kabla ya kulala. Wakati wa usingizi mate hupungua, dawa hukaa muda mrefu zaidi.

2. Sukutua mdomo kwa maji safi, kisha nawa mikono kwa sabuni. Watu wa Beni na Butembo tulizoea kunawa mikono wakati wa Ebola, tangu 2018 hadi 2020. Tusiache desturi hiyo. Kidole kilichoshika mazutu au grisi kisiingie mdomoni.

3. Kausha kidonda kwa kukigusa taratibu na kitambaa safi. Hatua hii ndiyo watu wengi wanairuka, kisha wanasema dawa ni mbaya. Mahali pakijaa mate, jeli haishiki.

4. Chukua jeli kidogo sana, gusisha juu ya kidonda, na acha. Usisugue! Ile ya unga ukiisugua inakatika vipande kama mchanga na kuanguka.

5. Kaa nusu saa bila kula wala kunywa.

Kila mtu na tyubu yake. Isizunguke nyumba nzima. Usipite mara zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa. Ikiwa ni jeli ya ganzi, usile mdomo ukiwa umekufa ganzi, maana utajiuma na kupata kidonda kingine. Siku hizo acha pilipili, nanasi na chakula cha moto sana. Kama huna pesa ya tyubu, tia nusu kijiko kidogo cha chumvi katika glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukutua, tema. Nayo inasaidia.

AKINA MAMA, ANGALISHO

Usimpake mtoto mchanga jeli ya ganzi kwenye ufizi eti meno yanaota. Lidokaini ikimezwa na mtoto inaweza kumletea degedege, kusimamisha moyo na kumwua. Mwaka 2014 serikali ya Marekani ilitoa onyo kali juu ya jambo hilo. Zile zenye salisilati, jamaa ya aspirini, wasipewe walio chini ya miaka 16. Mtoto anayeota meno msugue ufizi kwa kidole safi, inatosha.

USIFICHE UGONJWA MKUBWA KWA DAWA NDOGO

Utando mweupe unaoenea mdomoni ni kuvu; una dawa yake. Malengelenge mengi madogo pamoja na homa ni ugonjwa mwingine. Dawa ya kupunguza uvimbe inaweza kuvizidisha vyote viwili. Vidonda vya mdomo pamoja na homa, tezi zilizovimba na vipele vya mwili vinaweza kuwa mpox: usipake kitu, usikae karibu na watu, njoo upimwe.

Tena kuna zebaki. Wako ndugu zetu wanaochimba dhahabu kwa mikono, na wengine huchomea dhahabu yenye zebaki jikoni, katika sufuria. Moshi wake hauonekani vizuri, lakini mama na watoto wanauvuta. Ufizi kuvimba na kutoa damu, mate kujaa, ladha ya chuma mdomoni, mikono kutetemeka: hizo ni dalili za sumu. Hakuna jeli ya kutibu hayo. Acheni kuchoma ndani ya nyumba, na mgonjwa aletwe.

Sasa nakiri kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilimpa mzee mmoja tyubu ya jeli. Akarudi, nikampa ya pili, bila kumfungua mdomo vizuri mbele ya taa. Aliporudi mara ya tatu ndipo nikatazama: jino la nyuma lilikuwa limevunjika, ncha yake ilikata ulimi kila alipotafuna. Jino liling'olewa, na kidonda kikafunga. Ilikuwa bahati yake na yangu. Kidonda kisichopona kinaweza kuwa kansa, hasa kwa mvutaji wa tumbaku na mnywaji wa pombe kali. Jeli ingenyamazisha maumivu, na ugonjwa ungeendelea kula.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku kidonda kinapoanza, weka alama kwenye kalenda ya ukutani. Ukitumia jeli siku 7 bila nafuu, njoo dispensari. Kidonda kikipita wiki mbili, njoo hata kama hakiumi, na tutakutuma hospitali, iwe Beni, iwe Katwa au Kitatumba hapa Butembo. Usingoje mpaka ushindwe kumeza. Na ukifika, fungua mdomo wazi. Sisi tutaleta taa.