Mwenye maono hujulikana kwa anayoyakataa



Kila mkesha wa mwaka mpya makanisa yetu hujaa. Tunaomba, tunaimba, tunapokea neno la mwaka, na alfajiri tunarudi nyumbani tukiamini kwamba safari hii mambo yatabadilika. Ikifika Machi, mtaji umeliwa, ada ya watoto imelipwa nusu, na lile daftari tulimoandika malengo halijulikani lilipo.

Leo nakuomba ujiulize swali moja: katika miaka 10 iliyopita umeanzisha mambo mangapi? Mwaka ule ulifuga kuku wa mayai kwa sababu jirani alifuga. Uliofuata ukalima matikiti kwa sababu kila mtu alisema yanalipa. Kisha ukaingia vikoba vitatu kwa wakati mmoja, ukikopa huku ili urejeshe kule. Hukuwa mvivu hata kidogo, umetoka jasho kweli kweli. Lakini ukitazama nyuma huoni jambo moja ambalo jasho hilo limelijenga, na miaka haikusubiri.

Kitabu cha Mithali, sura ya 29 aya ya 18, kina mstari unaopendwa sana kwenye semina zetu. Wengi tunaukumbuka kama onyo kwamba watu wasio na maono huangamia. Fungua Biblia yako ya Kiswahili, tafsiri ya Union, usome taratibu. Utaona watafsiri walisisitiza kwamba pasipokuwa na maono, kujizuia nako hutoweka. Neno la Kiebrania lililo nyuma ya mstari huo linatokana na mzizi uleule unaotumika katika Kutoka 32 aya ya 25, Musa aliposhuka mlimani na kuwakuta watu wamekuwa holela mbele ya ndama ya dhahabu. Hawakukosa nguvu wala mali, maana dhahabu walikuwa nayo masikioni. Walikosa cha kuwashika.

Basi maono ni zaidi ya picha nzuri ya kesho. Ni kitu kinachokupa sababu ya kusema hapana leo. Tumtazame mtu mmoja aliyelijua hilo vizuri, Nehemia.

Alianza na mzigo

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani. Kazi yake ilikuwa ya heshima, na hakuwa na shida ya chakula. Siku moja akapata habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yake yameteketezwa kwa moto. Aliketi, akalia, akafunga na kuomba. Habari hizo alizipata mwezi wa Kisleu, na alizungumza na mfalme mwezi wa Nisani. Hiyo ni kama miezi minne ya kuubeba mzigo mbele za Mungu kabla ya kuchukua hatua.

Hapa wengi tunakosea njia. Tunauliza, “Nitakuwa nani?” au “Nitapata nini?” Nehemia aliguswa na kilichobomoka. Ukitaka kujua maono yako, anza na kile ambacho watu wengine wanakipita lakini wewe kinakunyima usingizi. Profesa Wangari Maathai wa Kenya aliwasikia wanawake wa vijijini wakilalamika kwamba kuni na maji safi vinazidi kuwa mbali. Mwaka 1977 akaanza kupanda miti pamoja nao. Kazi iliyoanza na miche michache ilifikia mamilioni ya miti, na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Chimbuko lake lilikuwa kilio cha kina mama waliokosa kuni.

Alipiga hesabu

Mfalme alipomuuliza safari yake itachukua muda gani, Nehemia alikuwa na jibu. Aliomba barua za kumpitisha kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na barua nyingine kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, ili apewe miti ya malango. Alipofika Yerusalemu hakutangaza lolote. Alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache kukagua ukuta kwa macho yake.

Maombi ya miezi minne hayakuchukua nafasi ya hesabu, bali yalizaa hesabu. Bwana Yesu naye, katika Luka 14, alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara ambaye hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama.

Kila mmoja mbele ya nyumba yake

Huenda unasema, “Mimi ni mama wa nyumbani,” au “Nimestaafu,” au “Kijana kama mimi sina hata ajira, maono yatanisaidia nini?” Soma Nehemia sura ya 3. Waliojenga si mafundi pekee. Kuna wafua dhahabu na watengeneza manukato. Kuna Shalumu aliyejenga pamoja na binti zake. Na mara kadhaa tunaambiwa kwamba mtu fulani alijenga kipande kilichoelekea nyumba yake mwenyewe. Ukuta wote ulikamilika kwa siku 52, kwa sababu kila mmoja alishika kipande chake.

Hapana, sitashuka

Kazi ilipokaribia kwisha, Sanbalati na Geshemu walimwita Nehemia kwenye mkutano katika bonde la Ono. Walimwita mara nne, naye mara zote nne akajibu kwamba ana kazi kubwa na hawezi kuiacha ili ashuke kwao. Nia yao ilikuwa kumdhuru, lakini mwaliko wenyewe ulikuja kwa sura ya kikao tu.

Ndugu yangu, Ono yako inaweza isiwe ya adui. Inaweza kuwa kamati ya sita ya harusi mwaka huu, mkopo unaotolewa bila masharti magumu, au mradi wa rafiki unaong'aa kuliko wako. Asiye na maono huitikia kila mwito, kwa kuwa hana jambo linalomzuia.

Fanya hivi leo jioni

Mungu alimwagiza nabii Habakuki aiandike njozi yake waziwazi kwenye vibao. Nawe chukua daftari, uandike mambo manne: mzigo wako, hatua ya kwanza, gharama na muda wake, na mambo utakayoyakataa.

Tuseme mzigo wako ni watoto wa mtaani kwako wanaofika darasa la tano bila kusoma vizuri. Andika hivi: watoto watano, kila Jumamosi asubuhi, kibarazani kwangu, ubao mmoja na chaki, hadi Desemba. Kisha andika chini yake kwamba Jumamosi asubuhi hutapokea kikao kingine. Mstari huo wa mwisho ndio utakaolinda ile mitatu ya juu.

Ukimaliza, mwonyeshe mwenzi wako, au mzee wa kanisa unayemwamini, uyapime maono hayo. Swali la kupimia liko Nehemia sura ya 5. Maskini walipolia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao, Nehemia aliitisha mkutano na kudai warudishiwe. Yeye mwenyewe, kwa miaka 12 ya uliwali wake, hakula posho aliyostahili, kwa sababu watu walikuwa wameelemewa. Maono yanayotoka kwa Mungu hayajengwi kwa njaa ya watoto wako wala kwa machozi ya unaowadai. Kama wengine ndio wanaolipa gharama ya ndoto yako, irudishe kwenye maombi.

Usiogope kwamba umechelewa. Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa magofu kwa miaka mingi kabla mtu mmoja hajaketi akalia kwa ajili yake. Kipande kilicho mbele ya nyumba yako bado kinakusubiri.

Mungu akupe macho ya kukiona, na ujasiri wa kukataa kushuka. Jumapili njema.