Kuingia katika Kazi ya Programu Huria

Kompyuta haifanyi kazi yoyote pasipo maagizo. Mkusanyiko wa maagizo hayo huitwa programu, na maandishi yake ya asili, ambayo mwanadamu aweza kuyasoma, huitwa msimbo wa chanzo. Makampuni mengi huyaficha maandishi hayo. Programu huria ni kinyume chake: leseni yake humruhusu kila mtu kuusoma msimbo, kuubadili na kuusambaza.

Mfano mashuhuri ni Linux. Mnamo mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa msimbo wa kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta, akawaomba wengine maoni. Leo kiini hicho kimo katika simu zote za Android, na waliokwisha kukichangia ni maelfu.

Mwanafunzi anayetaka kuchangia hana haja ya kuanza na Linux. Kwa kweli asianze huko. Achague programu ndogo aitumiayo mwenyewe, kwani mtumiaji ndiye aghalabu huziona kasoro. Asome leseni na maelekezo ya wachangiaji, kisha orodha ya hitilafu zilizokwisha kutajwa, asije akarudia ya wenziwe. Taarifa nzuri ya hitilafu ni mchango kamili, nayo haihitaji ujuzi wa kuandika programu. Kusema tu kwamba programu imeharibika hakumfai yeyote. Taarifa ifaayo hutaja toleo la programu, aina ya kompyuta, hatua zilizofuatwa moja baada ya moja, matokeo yaliyotarajiwa na yale yaliyopatikana. Huandikwa kama ripoti ya maabara, ili mtu aliye mbali aweze kulirudia jaribio.

Anayetaka kurekebisha msimbo wenyewe huchukua nakala yake, kwa kawaida kwa kutumia Git, chombo alichokianzisha Torvalds huyohuyo mwaka 2005. Hubadili jambo moja tu, hulijaribu, huandika sababu, kisha huyapeleka mabadiliko kwa wasimamizi. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Msimamizi aweza kuyakataa, au kuyarudisha mara tatu kwa ajili ya jina moja lililochaguliwa vibaya. Hiyo si dharau: yeye ndiye atakayeutunza msimbo huo baada ya mchangiaji kwenda zake.

Kwa wasemaji wa Kiswahili uko mlango mwingine, nao ni tafsiri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo hapana budi itanguliwe na faharasa. Mtumiaji akikuta "hifadhi" katika dirisha moja na "tunza" katika jingine, hudhani ni amri mbili tofauti. Tena kila toleo jipya huja na maneno mapya, na tafsiri isiyoendelezwa hubaki nusu Kiswahili, nusu Kiingereza. Darasa lenye mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa hisabati laweza kuianza kazi hiyo kwa kompyuta moja.