Je, Wajua? Bei ya Vita Visivyotokea

Je, wajua kwamba Burundi na Sierra Leone ndizo zilizofungua pazia la Mfuko wa Ujenzi wa Amani wa Umoja wa Mataifa? Mfuko huo ulianzishwa mwaka 2006, na serikali huuchangia kwa hiari. Ujerumani, Sweden, Uholanzi, Norway na Uingereza zimekuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa. Huko Burundi, sehemu ya fedha ilikwenda kukarabati makambi ya jeshi. Usicheke: askari asiye na kambi hulala mitaani na bunduki yake, na mwenye nyumba hana ubavu wa kumfukuza.

Nchini Guinea, mfuko huohuo ulisaidia kulipia kiinua mgongo cha wanajeshi. Jeshi lilikuwa limepindua serikali mwaka 2008, na Septemba 2009 askari wakawaua waandamanaji zaidi ya 150 katika uwanja wa michezo wa Conakry. Baada ya uchaguzi wa 2010, wanajeshi karibu 4,000 walistaafishwa kwa mpangilio, mkono ukiwa na kitu. Septemba 2021 mapinduzi yalirudi. Kupunguza jeshi ni jambo moja, kulitoa ikulu ni jingine.

Kisa cha Msumbiji ndicho kinachonistaajabisha kuliko vyote. Mkataba wa amani ulitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, lakini waasi wa Renamo walitoka msituni wakiwa hawana ofisi, magari wala mishahara. Chama gani kinaendeshwa hivyo? Umoja wa Mataifa ukafungua mfuko maalumu wa kuwageuza waasi hao kuwa chama cha siasa. Italia ikawa mchangiaji mkuu, na takriban dola milioni 17 zikapita humo. Aldo Ajello, mjumbe wa Umoja wa Mataifa aliyesimamia kazi hiyo, hakuona haya kuitetea. Wapo walioiita hongo. Iite utakavyo: Oktoba 1994 Renamo waliingia kwenye uchaguzi, wakapata viti 112 kati ya 250, na vita vilivyokuwa vimedumu miaka 16 havikurudi upesi.

Je, wajua posho ya askari wa Uganda, Kenya au Burundi aliyekuwa Mogadishu ilitoka wapi? Brussels. Umoja wa Ulaya uliilipa kwa miaka mingi, kiasi cha dola 1,028 kwa mwezi kwa kila askari wa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, na fedha hizo zilichotwa kwenye Mfuko wa Maendeleo wa Ulaya, uleule wa barabara na visima. Mwaka 2016 Ulaya ilipunguza mchango wake kwa moja ya tano, na serikali zilizopeleka askari zikapiga kelele. Kwa Burundi lilikuja na jingine: Ulaya iligoma kupitisha fedha mikononi mwa serikali ya Bujumbura, nayo Bujumbura ikatishia kuwarudisha askari wake nyumbani.

Tangu 2021 kuna chombo kingine kiitwacho Mfuko wa Amani wa Ulaya. Kimewekwa nje ya bajeti ya kawaida ya Umoja wa Ulaya kwa sababu mikataba yake hairuhusu bajeti hiyo kulipia shughuli za kijeshi. Sehemu kubwa ya fedha zake imeishia kwenye silaha za Ukraine. Jeshi la Rwanda lililopelekwa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, lilitengewa humo euro milioni 20 mwaka 2022, na nyingine kama hizo mwaka 2024.

Si kila kitu ni bunduki. Kenya ilipokwenda kwenye kura ya maoni ya Katiba Agosti 2010, mpango wa Uwiano, ukisaidiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, uliwaomba wananchi watume ujumbe mfupi bure kwa namba 108 wakiona dalili za fujo. Bonde la Ufa, lililowaka kwa fujo za baada ya uchaguzi miaka miwili tu kabla, lilipiga kura kwa utulivu.

Je, wajua kwamba mwaka 2018 Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia walikadiria kuwa kuzuia migogoro kungeokoa kati ya dola bilioni 5 na 70 kwa mwaka? Pengo hilo lenyewe linasema mengi: nani ataleta risiti ya vita ambavyo havikupiganwa? Labda ndiyo maana fungu la kuzuia vita hukatwa mapema. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na Uingereza ikatangaza kushusha misaada hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027, ili ipate fedha za ulinzi.

Afrika nayo ina mfuko wake wa amani tangu 1993, ambao kwa miaka mingi ulikuwa mkavu. Julai 2016, mjini Kigali, viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuweka tozo ya asilimia 0.2 kwenye bidhaa zinazotoka nje ya bara, na mfuko ukawekewa lengo la dola milioni 400. Rwanda inaitoza kweli: anayeagiza gari Japan hadi Kigali huikuta tozo hiyo kwenye hesabu za forodha, ikikokotolewa juu ya bei ya gari, bima na nauli ya meli.