Chinsoni Ndani ya Gari la Bree

Zimebaki siku chache Bree Osbourne afanyiwe upasuaji wa kubadili jinsia, upasuaji aliouwekea akiba kwa kuosha vyombo mkahawani na kuuza bidhaa kwa simu mjini Los Angeles. Simu inalia kutoka New York. Kuna kijana wa miaka 17 yuko kizuizini, jina lake Toby, na anamtafuta babake. Babake ndiye huyu Bree, tangu enzi alipokuwa angali akiitwa Stanley. Mtoto alipatikana wakati wa chuo, na Bree hakuwahi kujua kwamba yupo. Mamake kijana alishafariki.

Hivyo ndivyo inavyoanza Transamerica, filamu ya mwaka wa 2005 iliyoandikwa na kuongozwa na Duncan Tucker kwa bajeti ya takriban dola milioni moja, fedha ambazo Hollywood hazitoshi hata kumlipa nyota mmoja. Bree amechezwa na Felicity Huffman, yule wa Desperate Housewives. Mshauri nasaha wake anakataa kutia sahihi karatasi za upasuaji mpaka amkabili mwanawe kwanza. Bree anapanda ndege, anamtoa kijana kizuizini, na badala ya kumwambia ukweli anajifanya mmishenari wa kanisa. Wananunua gari kuukuu na kushika barabara, pwani ya mashariki hadi ya magharibi, karibu kilomita 4,500.

Wahakiki wa ng'ambo waliitazama kama filamu ya jinsia. Mtazamaji wa Kisii au Nyamira, nadhani, angeshtushwa na jambo jingine kabisa, na ana haki ya kushtuka.

Kwa msomaji asiye wa huku: Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, wana chinsoni, sheria za haya na heshima kati ya kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto. Mvulana akishatahiriwa halali tena karibu na wazazi wake. Anahamia esaiga, nyumba ya vijana. Akioa, babake haingii nyumbani mwake. Mmoja asiuone uchi wa mwenzake, wala lisitamkwe neno la kitandani wote wawili wakiwa wamekaa hapo. Na baba si yule aliyekuzaa peke yake, bali wanaume wote wa kizazi chake katika ukoo. Robert na Barbara LeVine, Wamarekani waliofanya utafiti Ugusii katikati ya miaka ya 1950, waliyaandika haya katika kitabu chao cha 1966, lakini yeyote aliyelelewa Manga au Nyansiongo hakuhitaji kitabu. Kwa babu na bibi mambo ni tofauti. Hao unataniana nao utakavyo.

Sasa tumrudie Bree. Njiani anasimamisha gari ajisaidie, na Toby, kupitia kioo cha gari, anauona mwili wa mtu aliyedhani ni mwanamke kama wengine. Anakasirika kwa kudanganywa. Hajui bado kwamba amemwona babake. Baadaye, wakiwa nyumbani kwa wazazi wa Bree huko Phoenix, kijana ambaye amezoea kuuza mwili wake ili ale anaingia chumbani usiku akiwa uchi na kujitoa kwa Bree, akidhani hiyo ndiyo njia ya kushukuru na kupenda. Hapo ndipo Bree analazimika kusema. Toby anampiga na kutoweka.

Wazee wa Ugusii wangeitwa siku hiyohiyo. Lakini wangemuuliza nani? Mimi naamini wangemuuliza Bree, tena si kuhusu upasuaji. Chinsoni haifanyi kazi watu wasipojuana. Ndiyo maana Mgusii akikutana na mgeni huuliza kwanza: wewe ni wa wapi, Getutu, Nyaribari, Bassi, mtoto wa nani? Asipouliza, atajuaje kama huyu ni wa kutaniwa au wa kuheshimiwa? Bree alimpakia mtoto garini akamnyima jibu la swali hilo, na kila aibu iliyofuata imetokana na kunyimwa huko. Kosa lake ni la mzazi, na baba yeyote mwenye suruali na ndevu angeweza kulitenda. Wako wengi walioacha watoto Nakuru au Mombasa na bado wanakaa mstari wa mbele kanisani.

Nilichokipenda zaidi ni nyumba ya Phoenix. Mamake Bree, aliyechezwa na Fionnula Flanagan, hawezi hata kumtazama mtoto wake mwenyewe bila kulia na kumlaumu, ila mjukuu anamkumbatia mara moja na kutaka abaki naye. Mtu atasema huo ni unafiki wa tabaka la wenye nacho Arizona. Mimi naona bibi na mjukuu, uhusiano usio na chinsoni, na aibu yote imebaki kwa aliye katikati.

Isidhaniwe kwamba jamii zetu hazijawahi kutenganisha mwili na cheo cha uzazi. Mwanamke wa Kigusii aliyekosa mwana wa kiume aliweza kutoa mahari na kuoa mke, na watoto wa mke huyo wakawa wa nyumba yake, wenye haki ya shamba. Wanandi wanafanya hivyo pia, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilimtambua mwanamke aliyeolewa na mwanamke kwa mila hiyo kuwa mrithi halali. Mama hao hawakubadili jinsia, na kuwataja kama watangulizi wa Bree ni kuwasingizia. Walichoonyesha ni kwamba nafasi ya mume katika boma ilikuwa wajibu wenye masharti, na wajibu huo uliweza kubebwa na aliyevaa leso.

Mahakama zetu zimeshakutana na akina Bree wa hapa. Audrey Mbugua alifanya mtihani wa KCSE mwaka 2001 kwa jina la kiume, akaishi miaka mingi na cheti kisichofanana na uso wake, hadi Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir alipoliagiza Baraza la Mitihani kumpa cheti chenye jina lake jipya. Agosti 2025, Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Eldoret alienda mbali zaidi, akaitaka serikali ianzishe sheria ya kuwalinda watu waliobadili jinsia, katika kesi ya mwanamke aliyekuwa amekamatwa na kushtakiwa kwa kujifanya mwanamke.

Filamu nazo zina historia yake. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilipiga marufuku Stories of Our Lives mwaka 2014, Rafiki ya Wanuri Kahiu mwaka 2018, na I Am Samuel ya Peter Murimi mwaka 2021. Hizo zilihusu mapenzi ya jinsia moja, si kubadili jinsia, ila hiyo ya mwisho ndiyo jirani wa karibu wa Transamerica: kijana wa mashambani magharibi mwa Kenya, akienda na kurudi kati ya Nairobi na shamba la babake, na mzazi anayejaribu kuelewa. Kuizuia filamu kama hiyo watu wazima wasiione ni kuwanyima wazazi mazungumzo ambayo tayari wanayafanya usiku kwa kunong'ona.

Transamerica ina kasoro zake. Gari linaibwa na mtu waliyempa lifti kwa wakati uleule hadithi inapohitaji liibwe. Halafu Huffman si mwanamke aliyebadili jinsia. Alipata tuzo ya Golden Globe Januari 2006 na kuteuliwa kwa Oscar kwa kuigiza maisha ambayo walioyaishi hawakupewa nafasi ya kuyaigiza. Miaka 12 baadaye filamu ya Chile, Una mujer fantástica, ilishinda Oscar ikiwa na Daniela Vega, ambaye mwenyewe ni mwanamke aliyebadili jinsia, na tofauti inaonekana.

Barabara ya filamu kama hii tunayo. Nairobi, Mai Mahiu, Narok, Bomet, Sotik, halafu Keroka, mji uliokaa mpakani, huku Kisii, huku Nyamira. Weka kwenye gari mzaliwa wa kwanza anayerudi kumzika babake baada ya miaka mingi, kwa jina jipya na gauni, na pembeni yake kijana asiyejua amekaa na nani. Kwenye kizuizi cha polisi kitambulisho kinaitishwa. Nyumbani, wazee wanamsubiri mwana mkubwa atupe udongo kaburini. Nani atautupa? Na kijana, tofauti na Toby anayeota baba tajiri mwenye jumba, atauliza swali la Kigusii: sehemu yetu ya shamba iko wapi? Sheria ya Urithi haibagui binti na mwana, lakini kikao cha ukoo chini ya mti hakianzi kwa kusoma sheria hiyo. Mwandishi kijana wa Kisii au Nyamira anayetafuta hadithi asihangaike mbali.

Ukiipata Transamerica, itazame. Ni filamu ya watu wazima na ina uchi, basi usiiweke sebuleni mwanao aliyetoka jandoni akiwapo, sembuse mkweo. Kila mmoja na simu yake, chumba chake, kisha mwende kwa bibi awaulize mmeionaje.