Bohari na Kumbukumbu: Tatizo la Istilahi Moja ya Tarakilishi

Miongoni mwa dhana za tarakilishi zinazomtatiza mfasiri wa Kiswahili, ipo moja iliyo nyepesi kwa jina na nzito kwa maana. Ni ile sehemu ya diski ambayo mifumo ya jamii ya Unix, Linux ikiwamo, huitumia kuwekea kwa muda baadhi ya yaliyomo katika kumbukumbu, pindi kumbukumbu yenyewe inapokuwa finyu. Waingereza huiita swap, yaani kubadilishana kitu kwa kitu. Mafundi wetu husema ‘swapu’ na kuendelea na kazi. Mwalimu hana raha hiyo, kwani mwanafunzi atamwuliza: kinachobadilishwa ni nini, na kwa nini?

Tafsiri sisisi ingetoa ‘nafasi ya ubadilishanaji’. Kasoro yake imo katika kiambishi -an-. Kubadilishana kwahitaji wawili, na kila mmoja huondoka na cha mwenziwe, kama mfanyabiashara atoaye tende akapokea boriti. Baada ya hapo mali haina sababu ya kurudi. Lakini ukurasa wa kumbukumbu uliopelekwa diskini haujauzwa wala haujatolewa kwa badala. Ungali mali ya programu ile ile, na programu ikiuhitaji lazima uletwe ulivyokuwa, bila herufi moja kupungua. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa neno la kubadilishana ana haki ya kudhani kwamba sehemu hiyo ni soko, na kwamba kuifunga hakumdhuru mtu.

Yapasa kusemwa kwamba jina la Kiingereza lilikuwa sahihi siku lilipotolewa. Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, na ilipohamia kwenye mashine za PDP-11 ilikuta kumbukumbu ndogo mno. Programu ilitolewa nzima nzima ikapelekwa diskini, nyingine ikaingizwa mahali pake: huyu atoke, yule aingie. Huko kulikuwa kubadilishana kweli. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa toleo la 3BSD kwa mashine za VAX, ambamo kumbukumbu iligawanywa kurasa kurasa, programu ikaweza kuendeshwa ilhali nusu yake imelala diskini. Desturi ikabadilika, jina likabaki. Anayelitafsiri leo neno kwa neno anatafsiri desturi ya PDP-11, na mashine iliyo mbele yake haifanyi hivyo.

Neno ‘akiba’ limewahi kuwavutia wengi katika istilahi za namna hii, lakini halifai. Akiba ni ya kesho. Ukurasa huu ni wa leo, wa kazi inayoendelea. Mashine ikizimwa kwa kawaida, mfumo ukiwaka tena hauna haja na yaliyomo humo. ‘Ghala’ lina ubora wake, ila kwa wasemaji wengi ghala ni mwisho wa safari ya nafaka, si kituo cha njiani.

Linabaki neno ambalo Mji wa Kale wa Mombasa umelizoea: bohari. Nyumba nyingi za Ndia Kuu zilijengwa duka likiwa chini na wenyewe wakiishi juu. Kaskazi ilipovuma, takriban Desemba hadi Machi, majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yaliingia Bandari ya Kale yakiwa na tende, chumvi, mazulia na papa wa kukausha, shehena ambayo hakuna duka lingeweza kuimeza kwa siku moja. Mwenye duka aliweka mbele kile kinachoulizwa na wanunuzi juma hilo. Kilichobaki kilikwenda bohari. Kilipoulizwa, hamali alitumwa na mkokoteni akakileta. Mali ya bohari ilikuwa mali ya duka, iliyo mbali kidogo.

Dhana yote imo humo. Kumbukumbu ni duka: dogo, ghali, na kila kitu ki mkononi. Diski ni bohari: pana, rahisi, na polepole mara nyingi zaidi. Kiini cha mfumo ndicho boharia, anayeamua ukurasa upi umekaa siku nyingi bila kuguswa na unaweza kuondoka. Katika mashine za kawaida za leo ukurasa huo ni wa baiti 4096. Wala si kila ukurasa hupelekwa. Ule uliosomwa kutoka faili na haujabadilishwa hutupwa tu, maana asili yake ipo diskini; mwenye duka hapeleki bohari sampuli ya kitambaa anachoweza kuitwaa tena wakati wowote dukani kwa tajiri wake. Hupelekwa zile kurasa zisizo na asili popote, ambazo programu imeziandika yenyewe ilipokuwa ikifanya kazi. Hizo zikipotea zimepotea.

Ndipo unapoonekana uzito wa istilahi. Amri ya mkswap hutayarisha bohari, iwe kigawe cha diski au faili, swapon huifungua, mstari mmoja katika /etc/fstab huifanya ifunguliwe kila mashine inapowaka. Swapoff huifunga, na kufunga huku si kuteketeza: kila ukurasa uliomo lazima urudishwe kwanza kwenye kumbukumbu, na pasipo nafasi ya kuupokea amri hukataliwa. Aliyefundishwa ‘ubadilishanaji’ huona ukaidi wa mashine. Aliyefundishwa ‘bohari’ anajua kwamba huwezi kurudisha bohari kwa mwenyewe kabla ya kuondoa mali yako, wala kuondoa mali bila ya mahali pa kuiweka. Na iwapo duka limejaa na bohari haipo au nayo imejaa, kiini huchagua mchakato mmoja na kuukatisha ili mingine ipate kuishi. Kwa mwenye seva inayohifadhi hesabu za watu, hilo si suala la msamiati.

Ipo pia hali ambayo mashine haijakufa lakini haitendi lolote. Kurasa hutolewa na papo hapo huhitajiwa. Zikirudishwa, nyingine hutolewa kuzipisha. Hamali wanashinda njiani, mikokoteni inapishana vichochoroni, na dukani hapauzwi kitu. Kwa hali hii Kiswahili hakina haja ya kukopa: ni hekaheka. Dawa yake ni kuongeza kumbukumbu au kupunguza kazi. Kupanua bohari hakusaidii, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Ile kanuni ya zamani ya kuifanya bohari maradufu ya kumbukumbu ilifaa mashine ndogo, na mashine ya gigabaiti 64 haihitaji bohari ya 128. Anayetaka kuilaza mashine kwa kuhifadhi kumbukumbu yote diskini ndiye mwenye sababu ya kutenga bohari inayoweza kuipokea.

Linux humpa msimamizi nambari moja ya kumwelekeza boharia, nayo ni vm.swappiness. Kwa kawaida ni 60, na tangu toleo la 5.8 la mwaka 2020 yaweza kufika 200. Ikipanda, kiini huwa chepesi kupeleka kurasa bohari. Ikishuka, hupendelea kutupa zile zenye asili. Wengi huishusha hadi karibu na sifuri kwa hofu, wakamnyima boharia hiari aliyohitaji.

Pingamizi moja lastahili jibu. Yamkini ikasemwa kwamba bohari ni neno la wenye majahazi, na majahazi Bandari ya Kale sasa ni machache. Ikumbukwe kwamba mkutano wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu ulifanyika Mombasa kwenyewe, na tangu hapo neno lolote la pwani hii hudaiwa hati ya kusafiria. Hili linayo: Tanzania huigawia nchi nzima dawa kupitia taasisi iitwayo Bohari ya Dawa.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Toleo la 3.14 la Linux, la mwaka 2014, lilikamilisha kuipokea zram, ambayo hukandamiza kurasa na kuziweka humo humo katika kumbukumbu. Simu nyingi za mkononi hutumia njia hii. Bohari imeingia dukani: ni kama mtu aliyeyafunga majora yake yakabana, akayapanga kidakani ukutani badala ya kumwita hamali. ‘Bohari ya ndani’ yaweza kutosha, ijapokuwa Mvita atauliza mara moja kwa nini isiitwe kidaka.